Kiwanda cha saruji kipo jirani, mbona nyumba ya shangazi Mangamba bado ni nzito kwa hewa ukaa? Tupige hesabu

#1 Mkadiriaji wa Kusini

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kikao cha mradi wa jengo moja la ofisi, jina naliacha. Mchoro mzuri kweli: sola juu ya paa, tangi la kuvuna maji ya mvua, taa zisizokula umeme. Mtaalamu akasimama akasema jengo hili ni rafiki wa mazingira kwa sababu litatumia umeme kidogo, halafu saruji yake inatoka hapa hapa kiwandani Msijute, haisafiri. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika BOQ, yaani orodha ya vifaa na idadi zake, na ukurasa wa zege peke yake ulikuwa umeshanitisha. Nikanyoosha mkono: na hewa ukaa iliyotoka wakati vifaa hivi vinatengenezwa mmeiweka wapi? Nikajibiwa kwamba hiyo ni ya kiwandani, si ya jengo.

Jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Kwa wasiolijua jambo hili: nyumba ina hewa ukaa ya namna mbili. Kuna ya kuishi, yaani umeme, gesi ya kupikia, kiyoyozi. Na kuna iliyotoka kabla hujahamia: kuchimba, kuchoma, kuyeyusha, kusafirisha, kujenga, kisha baadaye matengenezo na kubomoa. Hii ya pili nitaiita kaboni ya vifaa. Ya kwanza unaweza kuipunguza kesho asubuhi kwa kuzima feni. Ya pili, siku fundi anakukabidhi ufunguo sehemu kubwa imeshakwenda angani. Majengo na ujenzi kwa pamoja hubeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa ya dunia itokanayo na nishati na viwanda, na saruji peke yake ni kati ya 7 na 8%.

Nikaamua nisibishane na wakubwa. Nikachukua nyumba ya shangazi yangu pale Mangamba, vyumba 3, sebule, jiko, mita za mraba 100. Hela ni ya korosho, kwa hiyo inajengwa kwa misimu: mnada ukilipa, kozi zinapanda. BOQ nimeiandika mwenyewe, kila mfuko naujua ulipo.

Saruji, ukijumlisha msingi, jamvi, kufyatua tofali za inchi 6, kujengea, mkanda, lenta, plasta na niru, inafika mifuko 320. Hiyo ni tani 16. Kilo 1 ya saruji tupu isiyochanganywa hutoa takriban kilo 0.9 ya hewa ukaa. Kwa hizi za dukani zilizochanganywa nimeweka 0.75. Jawabu: tani 12. Nondo kilo 700, kila kilo inatoa 2, ni tani 1.4. Bati la geji 28 kilo 560, kila kilo inatoa karibu 2.8, ni tani 1.6. Marumaru za sakafuni (sikutegemea!) tani 1.3. Madirisha ya alumini na vioo tani 1, dari ya jipsamu 0.3, mbao za kenchi 0.4, mchanga na kokoto kama 0.5 pamoja na uzito wao wote ule.

Sasa usafiri, ambao ndio ulipigiwa makofi. Lori lililojaa nimelipangia kilo 0.1 ya hewa ukaa kwa kila tani inayosafiri kilomita 1. Saruji tani 16 kutoka kiwandani hadi saiti, nikaweka kilomita 25: kilo 40. Kilo arobaini, wakuu! Yaani chini ya mifuko 2 ya saruji. Hata ningeitoa Dar, kilomita 560 hivi, ingefika kilo 900, bado ni chembe mbele ya tani 12. Kilichokula mafuta kuliko vyote ni kokoto. Fundi alizing'ang'ania za upande wa Masasi, kilomita 200 hivi, tani 27. Hizo peke yake kilo 540. Ukiongeza mchanga, nondo na bati, usafiri wote ni kama tani 0.8.

Jumla tani 19.3, ambayo ni kilo 193 kwa kila mita ya mraba. Shangazi ana feni 3, friji, TV na taa, tuseme yuniti 1,100 kwa mwaka. Hata nikimtoza nusu kilo kwa kila yuniti, itamchukua miaka 35 kutumia umeme wa kulingana na nyumba yenyewe. Kwa nyumba zetu za pwani zisizo na kiyoyozi, kusifia taa na kuacha zege ni kuhesabu chenji na kusahau noti.

Naomba mnikosoe. Hasa mafundi.

#2 Mtoto wa Chikongola

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, shangazi anajua kama unamhesabia moshi wa nyumba yake badala ya kumalizia choo?

#3 Mkadiriaji wa Kusini

Choo kimo kwenye BOQ. Shimo bado.

#4 Mnazi Bay

Mleta uzi unatuchafulia kiwanda. Kile cha Dangote kimeanza 2015, kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na sisi hapa tuna gesi asilia chini ya miguu yetu tangu ilipogunduliwa Mnazi Bay 1982. Gesi haina moshi kama makaa ya mawe. Wakichoma kwa gesi tupu hiyo 0.75 yako inakufa. Umeongelea saruji kama vile ni ya 1950.

#5 Mkadiriaji wa Kusini

Mkuu sijamchafua mtu, tofali zangu zote ni za saruji hiyo hiyo. Swali lako ni zuri ila lina shimo.

Chukua jiwe la chokaa. Tanuri la saruji linafika nyuzi 1,450 hivi, lakini hata kabla hujafika huko, jiwe lenyewe linavunjika: katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 56 zinabaki na kilo 44 zinaondoka zikiwa hewa ukaa. Hazitoki kwenye makaa, zinatoka ndani ya jiwe. Ungelichoma kwa gesi, kwa kuni, kwa umeme wa jua, zingetoka zile zile. Kwa saruji ya kawaida karibu 60% ya hewa ukaa ni ya jiwe na 40% ni ya moto. Gesi inapunguza ile 40, na ni kweli inapunguza vizuri ikilinganishwa na makaa. Ile 60 haiguswi.

Inayoguswa ni klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji. Nendeni dukani, msisome 32.5 na 42.5 peke yake, hizo ni nguvu. Tafuteni maandishi madogo yanayoanza na CEM. CEM I ni klinka 95% kwenda juu. CEM II/A ina klinka kati ya 80 na 94, CEM II/B kati ya 65 na 79. Herufi ya mwisho inakuambia kimechanganywa nini: L ni chokaa iliyosagwa bila kuchomwa, P ni pozolana, yaani majivu ya volkano, V ni majivu ya makaa, S ni takataka ya tanuri la chuma. Juzi nilisimama stoo nikiwa nimeinama kwenye mfuko na miwani, muuza duka akaniuliza kama natafuta tarehe ya kuisha. Mfuko wenye B kwa kazi ya plasta na kujengea unatosha kabisa, na unakuwa umeshusha hewa ukaa bila kubadilisha mchoro hata mstari mmoja.

#6 Mmwera wa Mtama

Haya mambo ni ya Wazungu. Wao walichoma dunia miaka 200, leo Mmakonde akijenga vyumba 3 aanze kupima pumzi? Watani zangu mnapenda kuhangaishwa.

#7 Nangurukuru Mjini

Mtani, kwenye haki nipo na wewe, hatuna deni hilo sisi. Ila soma alichoandika. Tani 12 kati ya 19 ni saruji. Nani anainunua saruji hiyo, Mzungu? Kila kilo ya hewa ukaa anayoikata shangazi inatoka kwenye mfuko ambao hajaununua. Mimi ni mhandisi wa saiti, mwanamke, miaka 11 kwenye vumbi, na nawaambia mnapoteza mifuko mchana kweupe.

Nieleze ninachokiona. Fundi anachanganya kwa macho. Toroli moja limejaa kilima, lingine limepungua, beleshi "tatu za nguvu" za saruji. Anafyatua tofali asubuhi, jua la saa 6 la Mtwara linazipiga, jioni anamwagia kikombe cha maji kama anayewatilia kuku. Siku ya tatu zinapakiwa. Ukizishusha zinamegeka pembe, kwenye tofali 100 unatupa 10. Mwenye nyumba akilalamika, fundi anasema "tuongeze saruji". Wakati tatizo ni maji! Saruji inahitaji unyevu ili ikomae. Ukiifunika kwa viroba vilivyolowa au nailoni na kuimwagilia asubuhi na jioni siku 7, tofali la mfuko 1 uliotoa tofali 35 linakuwa gumu kuliko la mfuko 1 uliotoa 25 lililokaushwa kama dagaa. Nimewahi kuchukua tofali mbili za namna hiyo nikazidondosha kutoka kiunoni mbele ya mafundi. Ile ya mfuko "mzito" ilipasuka vipande vitatu. Fundi mkuu akasema nimeidondosha vibaya.

Mleta uzi, kwenye zile mifuko 320 umeweka asilimia ngapi ya kuvunjika?

#8 Mkadiriaji wa Kusini

Asilimia 5. Baada ya komenti yako naona aibu.

#9 Kuchele 05

Sisi huku Masasi vijijini tumeshamaliza mjadala: tofali za kuchoma. Udongo wa bure, hakuna saruji, nyumba inapoa. Mwaka jana nilichoma 9,000, tripu 3 za kenta za kuni. Weka hesabu hapo, uone kama haifiki sifuri.

#10 Mkadiriaji wa Kusini

Kenta zako zilibeba ngapi? Nikiweka tani 2.5 kila moja, kuni ni tani 7.5. Kilo 1 ya kuni kavu ikiungua hutoa takriban kilo 1.75 za hewa ukaa. Inakuja tani 13.

Ndugu yangu, tanuri lako la ukuta limezidi saruji yote ya nyumba ya shangazi, kuanzia msingi mpaka niru. Zile tofali zangu za inchi 6 za ukuta huo huo ni kama 1,900, mifuko 63, tani 2.4.

#11 Kuchele 05

Hapana mkuu, hapo umenionea. Kuni zilikuwa mikorosho mizee. Tunang'oa tunapanda miche mipya ya kituo cha utafiti cha Naliendele. Ingeoza tu au ingechomwa shambani. Na mche unaokua si unakula hiyo hewa tena?

#12 Mkadiriaji wa Kusini

Hoja ya haki, na ndipo wataalamu wenyewe wanapogombana. Kama mti ulikuwa unaondoka kwa sababu nyingine, na mahali pake umepandwa mwingine unaokua, basi moshi wake haupaswi kuandikwa wote kwenye ukuta wako. Naweza kuandika kidogo sana. Kama mti umekatwa kwa ajili ya tanuri na mahali pake pamebaki kichaka cha kuku, naandika wote. Hesabu haiko kwenye kuni, iko kwenye kisiki.

Sema kweli: tripu zote 3 zilikuwa mikorosho?

#13 Kuchele 05

Mbili. Ya tatu miembe ya jirani.

#14 Mtoto wa Chikongola

😂😂😂 jirani anajua?

#15 Mmwera wa Mtama

Mbona msichomee maganda ya korosho? Yana mafuta, yanawaka kama petroli, na yanaunguza vidole ukiyashika vibaya.

#16 Mkadiriaji wa Kusini

Kwa sababu korosho nyingi tunaziuza zikiwa ghafi. Maganda yanapanda meli na korosho zake, yanaenda kuwasha majiko ya wabanguaji India na Vietnam. Tukibangua wenyewe, maganda yatabaki. Uzi mwingine huo.

#17 Babu wa Mikindani

Wanangu, nawasoma toka asubuhi. Mnaongea kana kwamba kabla ya mfuko wa saruji watu wa pwani walilala juu ya miti.

Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, Husuni Kubwa karne ya 14. Mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Mnajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, havipiti sana mita 3? Kwa sababu mkoko haukui zaidi ya hapo kwa unyofu. Mti ndio uliochora ramani. Siku hizi mnachora kwanza sebule ya mita 7, halafu mnaita nondo ziokoe.

Na chokaa ina jambo lake. Ukiichoma inatoa hewa kama alivyosema mkadiriaji. Lakini ikishapakwa ukutani inaanza kuirudisha, pole pole, inavuta ile ile hewa mpaka inarudi kuwa jiwe. Marehemu baba alikuwa akinipeleka kugusa ukuta wa zamani kwa ukucha, ananiambia huu haujakauka, huu umerudi.

#18 Mkadiriaji wa Kusini

Babu, shikamoo. Umenifundisha kitu ambacho kwenye vitabu kimeandikwa kwa kemia ngumu. Ni kweli: chokaa hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyotoka kwenye jiwe, lakini ile ya kuni za tanuri hairudi. Zege pia hurudisha kidogo, kwa miaka mingi sana, kutoka juu kwenda ndani.

Naomba tu wasomaji wasikimbilie baharini. Uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa uliwahi kuumiza miamba ya ghuba yetu ya Mikindani, na mwamba ukishavunjwa samaki hawana pa kuzalia. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu ni habari nyingine.

#19 Babu wa Mikindani

Marahaba. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho. Ndiyo maana nasema cha zamani kisibomolewe. Lile Boma la Wajerumani la 1895 lilikuwa gofu, mwishoni mwa miaka ya tisini likakarabatiwa, leo wageni wanalala ndani. Kuta zile hazikuhitaji mfuko mpya kwa kila jiwe. Andika na hiyo kwenye hesabu zako, nyumba isiyojengwa mara ya pili.

#20 Dogo wa Ng'apa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi, kwetu Lindi. Hizi namba 0.9, 2.8 mnazipata wapi? Na mradi ukitaka kufanya rasmi unaanzia wapi?

#21 Mkadiriaji wa Kusini

Marahaba dogo. Kuna jedwali maarufu lililoanzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, linaitwa ICE. Linakupa kilo za hewa ukaa kwa kila kilo ya kifaa. Ni namba za kwao, viwanda vyao, umeme wao. Zitumie kujua kipi ni tembo na kipi ni sungura, usigombane na mtu kwa nukta ya pili. Mtengenezaji akikupa tamko la bidhaa yake lililokaguliwa, tupa jedwali, tumia la kwake.

Utaratibu wa jengo zima umewekwa na kiwango cha Ulaya EN 15978 cha 2011. Wamegawa maisha ya jengo kwa herufi. A1 mpaka A3 ni malighafi, safari ya kwenda kiwandani na kutengeneza. A4 ni safari ya kuja saiti. A5 ni kazi ya ujenzi pamoja na vinavyovunjika (zile tofali 10 za dada Nangurukuru zinaandikwa hapa). B ni matumizi, matengenezo na kubadilisha, C ni kubomoa na kutupa. Yule mtaalamu wa kikao alisifia A4, ambayo ndiyo ndogo, akaruka A1 mpaka A3.

Kuna pia programu ya EDGE ya IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, ni ya bure mtandaoni. Jengo likitaka cheti chao lazima lipunguze angalau 20% kwenye nishati, 20% kwenye maji na 20% kwenye vifaa. Angalia hiyo ya tatu. Sola haiwezi kukulipia.

Lakini kuanza, anza na BOQ na kikokotoo cha simu. Safu ya idadi, igeuze kilo, zidisha. Hicho tu.

#22 Msafiri wa Somanga

Mmeisahau B, wakuu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mimi nilikuwa na bati za mteja wa Lindi juu ya gari. Saruji mnayo, bati na nondo zinapita kwetu. Siku hizo niliona nyumba kibao zimeezuliwa, na nilipofungua mabati ya zamani niliona sababu: pembeni mwa misumari yameliwa kutu mpaka yanapitisha mwanga kama chekecheo. Bahari hii haina huruma. Mtu ananunua geji 32, bati jembamba, kwa kuwa ni rahisi, miaka michache amenunua tena.

#23 Mkadiriaji wa Kusini

Hii ni dhahabu. Paa la shangazi ni tani 1.6 likiezekwa mara moja. Likibadilishwa mara 2 ndani ya miaka 50 linakuwa 4.8, linazipita nondo, marumaru na madirisha kwa pamoja. Kwa hiyo bati nene lililopakwa rangi vizuri linaonekana zito kwenye A, linakuwa jepesi kwenye B. Nimerudi kurekebisha.

#24 Mtoto wa Chikongola

Makuti je? Kaboni sifuri, upepo unapita, minazi tunayo.

#25 Mkadiriaji wa Kusini

Nimempelekea shangazi wazo lako. Amesema mwenye wazo aje alale humo masika.

#26 Nangurukuru Mjini

Turudi ukutani. Watu wanasifia matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo ambayo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, wameyahubiri miaka mingi. Nayapenda, nimejengea. Lakini nataka niseme ukweli ambao wauza mashine hawausemi.

Kwa mashine tuliyotumia, mfuko 1 unatoa matofali kama 65, na mita 1 ya mraba inakula 33. Ukuta wa mita 190 kama wa shangazi unataka matofali 6,270, mifuko 96. Tofali za inchi 6 ni mifuko 63 na za kujengea 34, jumla 97. Umeona? Tumetoka sare! Faida yote ipo kwenye plasta. Ukuta wa kufungamana ukinyooshwa vizuri hauhitaji plasta, kwa hiyo unaokoa mifuko 38. Sasa nenda kaangalie nyumba hizo mtaani kwako: mwenye nyumba amepiga plasta ndani na nje ili "ifanane na nyumba". Amelipa mashine, amelipa usafiri wa udongo, na saruji ile ile.

#27 Mkadiriaji wa Kusini

Dada umenitoa jasho. Nilikuwa nimemwandikia shangazi ukurasa mzima wa kumshawishi. Jumamosi nilikwenda nikamweleza, nikamchorea chini kwa kijiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, nyumba isiyo na plasta ni mtu aliyetoka msikitini bila shati." Basi. Tofali za inchi 6 zinabaki.

Lakini kulikuwa na jambo jingine mezani. Binamu yangu wa Dar alituma picha kwa simu, anataka mama yake ajengewe paa la kuficha, zile kuta zinazopanda juu ya bati ili nyumba ionekane sanduku. Nikapiga hesabu hapo hapo ukumbini. Ukuta wa kuficha wa mita 1 kuzunguka nyumba ni mita za mraba 40: mifuko 20 ya tofali na kujengea, 8 ya plasta pande zote mbili, 9 ya mkanda wa juu. Mifuko 37 na nondo kilo 140 hivi. Karibu tani 1.7 za hewa ukaa za kuficha bati ambalo jirani anajua lipo. Halafu unakosa upenuo, mvua inapiga ukuta, jua linapiga dirisha, na maji yakituama kwenye mfereji wa ndani yanavuja sebuleni.

Shangazi hakuuliza habari ya hewa ukaa. Aliuliza mifuko 37 ni shilingi ngapi. Nilipomtajia, alichukua simu akampigia mwanawe, akatoka nje kuongea. Paa la kuficha halipo tena.

Marumaru nazo zimetoka vyumbani, zimebaki chooni na jikoni. Kwingine niru iliyosuguliwa na rangi nyekundu kama ya nyumba ya bibi. Kokoto nimezibadilisha kwa za karibu baada ya dada Nangurukuru kunisaidia kuzipima. Madirisha ya mbele yatakuwa ya mbao.

#28 Mnazi Bay

Mbao? Si ndiyo kukata miti?

#29 Mkadiriaji wa Kusini

Kisiki kile kile mkuu. Mbao ya msitu unaosimamiwa inabeba kaboni ndani yake muda wote nyumba imesimama. Kilwa kuna vijiji vinavyovuna mpingo kwenye misitu yao wenyewe kwa cheti cha kimataifa tangu 2009, kwa hiyo inawezekana. Mbao ya usiku iliyopita kizuizini ikiwa imefunikwa turubai, siiandiki sifuri.

#30 Mmwera wa Mtama

Nakiri nimekaa nikahesabu BOQ ya banda langu la Mtama. Nimegundua jamvi la fundi ni inchi 6 na mchoro unasema 4. Simjibu mtu kuhusu Wazungu leo.

#31 Dogo wa Ng'apa

Wakubwa, nimejaribu nyumba ya baba hapa Ng'apa, vyumba 2, mita za mraba 62. Nimepata saruji mifuko 118, nondo kilo 210, bati kilo 350. Jumla tani 5.8, yaani kilo 94 kwa mita ya mraba. Nusu ya shangazi! Nimefurahi sana.

#32 Nangurukuru Mjini

Mifuko 118 kwa mita 62? Dogo, umeanzia kuhesabu wapi?

#33 Dogo wa Ng'apa

Kwenye kozi ya kwanza ya ukuta, dada.

#34 Nangurukuru Mjini

Na chini yake?

#35 Dogo wa Ng'apa

…narudi na futi kesho asubuhi. Baba anasema msingi pale ni kozi 5 kwa sababu ya mteremko.